Kabla Hujafuta: Jinsi ya Kumsaka Jasusi Kwenye Kompyuta Bila Kuiua Kompyuta

Somo hili nililisoma kwa njia ngumu. Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka wa tatu, zimebaki kama wiki mbili nikabidhi ripoti ya utafiti, kompyuta yangu mpakato ikaanza vituko. Nikifungua kivinjari, ukurasa wa kutafutia sio ule niliouzoea. Matangazo ya kubeti yanaruka hata nikiwa kwenye tovuti ya maktaba. Halafu asubuhi moja nikakuta ujumbe kwenye barua pepe: kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako kwa kutumia kifaa kipya. Saa iliyotajwa mimi nilikuwa nimelala hosteli. Kifaa kipya nakitoa wapi?

Hofu ikanishika, na hofu ndiyo iliyoniponza. Nikauliza kwenye kundi la darasa, mwenzetu mmoja akajibu fasta: "Fungua Task Manager, ukiona svchost imejirudia mara nyingi ujue hao ni virusi, ua wote." Nikafungua, kweli nikazikuta nyingi. Nikaanza kuua moja baada ya nyingine. Hazikufika tano, skrini ikawa ya bluu na mashine ikajiwasha upya. Badala ya kutulia, nikaingia mtandaoni kutafuta programu ya kusafisha, nikapakua ya kwanza iliyotokea juu, ambayo kumbe lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ikaskani sekunde chache tu, ikadai imekuta mamia ya vitu hatari, ikataka nilipie ndipo iviondoe. Kuanzia hapo kompyuta ikawa haiendi kabisa. Nikaipeleka kwa fundi, naye akafanya alichozoea: akafomati, akapiga Windows mpya. Sura ya Nne ikaenda. Majibu ya dodoso 84 niliyoyaingiza usiku baada ya usiku yakaenda. Bahati yangu karatasi zenyewe zilikuwa bado chini ya kitanda.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nilipoingia tena kwenye kivinjari kwa akaunti yangu, matangazo yaleyale yakarudi. Jasusi hakuwa ndani ya Windows hata siku moja. Alikuwa kiendelezi kidogo cha kivinjari, nilichokiweka mwenyewe ili kinigeuzie PDF kuwa Word. Kwa kuwa kivinjari kilikuwa kinahifadhi viendelezi vyangu kwenye akaunti, kilirudi chenyewe mashine ilipokuwa mpya. Yaani nilichoma nyumba nimtoe panya, kumbe panya yumo kwenye begi nililoshika mkononi. Kukiondoa hakukuchukua hata dakika moja.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Zana za kuchunguza kompyuta zipo, nyingi ni za bure, na mwanafunzi yeyote anaweza kuzitumia, hata kama hasomi TEHAMA. Ila zina makali. Ukizishika vibaya zinakukata wewe, jasusi anabaki salama.

JASUSI TUNAYEMZUNGUMZIA

Programu jasusi ni programu inayokusanya habari zako bila ridhaa yako na kuzipeleka kwa mtu mwingine. Haifanani na kirusi cha zamani kilichokuwa kinaharibu mafaili ili kujionesha. Jasusi anataka usimwone, akae.

Wapo wa aina kadhaa. Yupo anayenasa kila kibonye unachobonyeza, pamoja na maneno yako ya siri. Yupo anayeingia mara moja, anabeba paswedi zote ulizohifadhi kwenye kivinjari pamoja na kuki zinazokufanya uendelee kuwa ndani ya akaunti zako, kisha anaondoka. Ukija kuskani kesho humkuti, ila vitu vyako vimeshauzwa. Yupo anayempa mtu wa mbali uwezo wa kuongoza kompyuta yako, hadi kuwasha kamera. Wapo viendelezi vya kivinjari kama changu, ambavyo ulivipa mwenyewe ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye tovuti zote unazotembelea. Na yupo yule anayewekwa na mtu wa karibu, mpenzi au ndugu, ili akufuatilie. Huyu wa mwisho ana namna yake, nitamrudia.

Njia zao za kuingilia hapa chuoni tunazijua. Namba moja ni kraki: Office ya kraki, SPSS ya kraki, programu ya kuedit video tuliyotumiwa kwenye Telegram. Maelekezo yake karibu yote huanza na sentensi moja: "Kwanza zima antivairasi." Ukikaa ukafikiri, huyo ni mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia.

DALILI SIO USHAHIDI

Kabla hatujafungua zana yoyote, tuelewane hapa. Kompyuta kuwa nzito sio ushahidi wa ujasusi. Mara nyingi ni diski imejaa, RAM ni ndogo, Windows inajisasisha kimyakimya, au feni imejaa vumbi na mashine inachemka. Bando kuisha haraka nako kunaweza kuwa ni hizohizo sasisho, au Drive inapandisha picha zako.

Dalili za kuchukulia kwa uzito ni kama hizi: ukurasa wa mwanzo au injini ya kutafutia imebadilika bila wewe kuibadilisha, antivairasi imezimwa na inagoma kuwaka, taa ya kamera inawaka wakati huna kikao, umepata taarifa ya kuingia kwenye akaunti kutoka kifaa usichokijua, programu usiyoikumbuka imo kwenye orodha. Hata hizi zinakwambia tu kwamba inafaa kuchunguza. Hazijakwambia ufute nini.

HATA BINGWA ALIPOFUTA, ALIHARIBU

Kuna kisa cha kweli kinachonisaidia kila ninapotaka kufanya papara. Mark Russinovich wa Marekani ni mmoja wa watu wanaoijua Windows hadi mifupa. Yeye na Bryce Cogswell ndio walioanzisha Sysinternals, mkusanyiko wa zana za uchunguzi ambazo Microsoft iliununua mwaka 2006. Mwaka 2005 alikuwa anajaribu zana yao iitwayo RootkitRevealer kwenye kompyuta yake mwenyewe, akashtuka: kuna folda na mafaili yaliyofichwa, kila jina linaloanza na alama $sys$ Windows hailioni. Akafuatilia hadi chanzo. Ilikuwa CD ya muziki aliyoinunua kihalali, ya kundi la Van Zant, iliyotolewa na kampuni ya Sony BMG. CD hiyo ilikuwa imeweka programu ya kuzuia watu wasinakili nyimbo, ikaificha ndani kabisa ya mfumo, na ilipochezwa ikawa inawasiliana na seva ya kampuni. Tarehe 31 Oktoba 2005 akayaandika aliyoyakuta, dunia ikalipuka.

Sehemu inayotuhusu ni hii. Alipoona mafaili hayo aliyafuta kwa mkono, akawasha upya kompyuta. Kisomea CD kikatoweka. Programu ile ilikuwa imejipachika kwenye njia ambayo Windows inaitumia kuongea na kisomea CD. Ukiikata bila kuifungua vizuri, njia nzima inakatika. Yeye alijua pa kurekebisha. Mimi na wewe tungepeleka kwa fundi.

Kisa hakikuishia hapo. Sony BMG ilitoa programu ya kuondolea ile ya kwanza, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Edward Felten na J. Alex Halderman, wakagundua kuwa kiondoaji hicho kinaacha mlango wazi ambao tovuti yoyote ingeweza kuutumia kuingiza chochote kwenye kompyuta. Dawa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mwezi Novemba mwaka uleule kampuni ikaanza kuziondoa CD hizo sokoni.

Tunapata mambo matatu hapo. Jasusi anaweza kuja na kitu halali. Kufuta kwa mkono kunaweza kuvunja kitu kisichohusika. Na kiondoaji nacho ni programu, kinahitaji kuaminika.

KABLA HUJAGUSA KITU

Kwanza, kata intaneti. Zima Wi-Fi, zima hotspoti. Jasusi asiye na mtandao hawezi kupeleka kitu. Kuanzia dakika hiyo usiandike neno la siri lolote kwenye mashine hiyo, iwe la akaunti ya masomo ya chuo au la benki.

Pili, nakili kazi zako. Hapa ndipo mimi nilipoangukia. Chukua nyaraka, picha, data za utafiti, uziweke kwenye fleshi au diski ya nje. Nakili nyaraka tu. Usinakili programu wala mafaili ya kusakinishia, maana utambeba jasusi ukampeleka ghala. Hakikisha nakala zinafunguka kabla hujaendelea.

Tatu, kama kompyuta yako ni ya Windows 11, au 10 za karibuni, kuna uwezekano diski yake imefungwa kwa BitLocker bila wewe kujua. Baadhi ya hatua za uchunguzi zinaweza kuifanya iulize ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uangalie kwa kutumia simu, uuandike kwenye daftari. Nimeona mtu amekwama siku nzima kwa sababu ya tarakimu hizo.

Nne, tengeneza kituo cha kurudia, ile Windows inayoiita Restore Point. Haikuokolei nyaraka, ila inarudisha mipangilio ya mfumo ukikosea.

Tano, chukua kalamu. Kila unachokibadilisha kiandike: saa ngapi, nini, kilikuwaje. Utanishukuru.

ZANA ZA KUTAZAMA

Gawa zana zote katika mafungu mawili: zinazotazama na zinazoondoa. Anza na za kutazama, na ukae nazo kwa muda mrefu kuliko unavyotaka.

Anza na kivinjari, sio Windows. Fungua orodha ya viendelezi, ukipitie kimoja kimoja. Jiulize: hiki nilikiweka mimi? Bado nakitumia? Kwa nini kigeuza PDF kinahitaji kusoma kila ukurasa ninaofungua? Angalia pia ruhusa za arifa, maana matangazo mengi yanayoruka pembeni ya skrini ni tovuti uliyoibonyezea "ruhusu" bila kusoma.

Kisha nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, uipange kwa tarehe. Kama vituko vilianza Jumanne, angalia kilichoingia Jumatatu na Jumanne. Hatua hii ni rahisi mno, na watu huiruka.

Sasa Task Manager, kwa Ctrl, Shift na Esc. Kazi yako hapa ni kutazama, sio kuua. Ukimtilia mtu shaka, bofya kitufe cha kulia, fungua mahali faili lake lilipo. Hizo svchost zilizonitia hofu ni wabebaji wa huduma za Windows. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kwenye kompyuta zenye RAM inayozidi GB 3.5, huduma nyingi hutenganishwa kila moja na mbebaji wake, ndiyo maana unaweza kukuta makumi. Svchost halali inakaa kwenye folda ya System32 ndani ya Windows. Ukiikuta kwenye folda ya Temp, au jina lake lina sifuri badala ya herufi o, hapo una jambo. Lakini usigeuze hii kuwa sheria kwa kila programu: zipo nyingi za halali, zikiwemo za mikutano ya video, zinazokaa kwenye folda ya AppData ya mtumiaji.

Kama unadhani kosa la kuichanganya svchost na kirusi ni la wanafunzi tu, kumbuka Aprili 21, 2010. Sasisho la antivairasi ya McAfee liliitambua svchost halali ya Windows XP kuwa ni kirusi, likaishughulikia. Kompyuta za maofisi na hospitali duniani zikawa zinajizima na kuwaka, hazishiki mtandao. Wataalamu wenyewe waliteleza, tena kwenye jina lilelile.

Ukitaka kuona zaidi, zipo mbili za Sysinternals: Process Explorer, ambayo ni Task Manager iliyokwenda shule, na Autoruns, ambayo inaonesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na kompyuta. Zote ni za bure kwenye tovuti ya Microsoft. Ukifungua Autoruns mara ya kwanza utaona mistari mingi hadi kizunguzungu. Tumia chaguo la kuficha vya Microsoft, halafu washa uhakiki wa saini za kidijitali. Kinachobaki kitakuwa kifupi: printa, kadi ya sauti, programu zako, na labda mgeni asiye na saini wala jina la kampuni.

Ukimpata huyo mgeni, ondoa alama ya tiki tu. Usifute. Tiki ikitoka, kitu hicho hakiwaki tena, lakini ukigundua ulikosea unairudisha. Ukifuta, umefuta. Washa upya kompyuta, uishi nayo siku moja, uone. Tena fanya kimoja kimoja. Ukitoa tiki kumi kwa mpigo na spika zikanyamaza, hutajua ni ipi iliyozinyamazisha.

Faili unalolitilia shaka unaweza kulipima VirusTotal, huduma ya Google inayolipitisha kwenye antivairasi nyingi kwa wakati mmoja. Angalizo: faili unalolipandisha pale linaweza kuonwa na makampuni na wataalamu wengine waliojiunga na huduma hiyo. Usipandishe ripoti yako, fomu ya mkopo au majibu ya wahojiwa wako. Na antivairasi moja au mbili kati ya makumi zikilalamika haimaanishi faili ni baya. Inaweza kuwa ni king'ora cha uongo.

ZANA ZA KUONDOA

Hapa wengi tunakimbilia mbali wakati dawa iko nyumbani. Microsoft Defender imo ndani ya Windows tayari. Kabla hujaskani, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta orodha ya vitu vilivyosamehewa, inayoitwa Exclusions. Programu nyingi za kraki, na majasusi wenyewe, hujiandika humo ili wasiguswe. Ukikuta diski C nzima imesamehewa, umeshapata nusu ya jibu. Toa msamaha huo, kisha washa intaneti kwa muda mfupi usasishe orodha ya virusi, uzime tena, uanze skani kamili. Itakula saa kadhaa. Chomeka chaja, nenda kasome.

Kama jasusi anarudi kila ukimtoa, tumia skani ya Defender Offline. Kompyuta itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa hiyo jasusi anakutwa amelala. Huchukua kama dakika 15.

Ukihitaji maoni ya daktari wa pili, Malwarebytes na AdwCleaner zinafaa, hasa kwa matangazo na viendelezi. Ila usiweke antivairasi mbili zinazolinda muda wote. Zitagombana na mashine itakuwa konokono. Na chochote wanachokikuta kipeleke karantini, usikifute moja kwa moja. Karantini ni kama rumande: mtuhumiwa yuko ndani hawezi kudhuru, lakini ikithibitika alisingiziwa unamtoa.

Kuna zana kali zaidi zinazotumia orodha ya amri iliyoandikwa na mtaalamu baada ya kusoma taarifa za kompyuta moja. Orodha hiyo ni kama cheti cha dawa cha mgonjwa mmoja. Usichukue ya mtu mwingine uliyoikuta mahali ukaiendesha kwako kwa kuwa dalili zimefanana. Halafu zile taarifa ambazo zana hizi zinatoa zina jina lako la mtumiaji na orodha ya programu zako. Zisome kabla hujazirusha kwenye kundi la watu 200.

Kuhusu zana feki, dalili yake kuu ni ile niliyoiona mimi: skani ya sekunde chache, matokeo ya kutisha, kisha "lipia sasa". Pakua zana kwa kuandika anwani ya mtengenezaji mwenyewe. Usibofye tangazo, na usipokee faili kutoka kwa mtu wa chumba cha jirani. Hata hivyo usilale. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner na toleo halali la 5.33 likatoka likiwa na mzigo wao. Liliwekwa kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27 kabla halijabainika. Kwa hiyo sakinisha zana unayoihitaji leo, na kazi ikiisha iondoe.

Na kompyuta za maabara ya chuo usizifanyie uchunguzi wako. Toa taarifa kwa wahusika wa TEHAMA. Ya mwenzako vilevile, usiguse bila ruhusa yake; kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya kuwa kosa uingiaji kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, hata kama nia yako ilikuwa njema.

FLESHI NA STESHENARI

Hili ni letu kabisa. Umetoka kuprinti asainmenti, ukichomeka fleshi nyumbani folda zote zimekuwa vishale vya shotikati. Usizibofye. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa, na hiyo shotikati ndiyo mtego: ukiibofya inafungua folda yako na kuendesha kirusi kwa pamoja. Skani fleshi kwa Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt na, kama fleshi yako ni herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Mafaili yatatokea tena. Nakili nyaraka zako, fomati fleshi. Hakikisha herufi ni ya fleshi kweli, maana amri hiyo ukiielekeza kwenye diski C utafichua mafaili ya mfumo ambayo yamefichwa kwa sababu. Siku nyingine nenda steshenari na fleshi yenye faili moja tu la kuprinti, au mtumie PDF.

KAMA ALIYEKUWEKEA NI MTU UNAYEMJUA

Hapa nabadilisha ushauri wote wa juu. Kama unahisi jasusi kawekwa na mpenzi, aliyekuwa mpenzi au mtu anayekutishia, usikimbilie kumwondoa. Mara tu programu ikinyamaza, aliyeiweka anajua umegundua, na wengine hulipuka hapo. Pia ukiiondoa unaweza kuwa umefuta ushahidi.

Endelea kuitumia kompyuta hiyo kwa mambo ya kawaida. Mipango ya usalama wako na mazungumzo ya siri yafanye kwa kifaa kingine ambacho hajawahi kukishika. Piga picha skrini kwa simu hiyo nyingine. Mwambie mtu unayemwamini, mlezi wa wanafunzi, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuondoa programu kuje baadaye, ukiwa mahali salama.

BAADA YA KUMTOA

Kumtoa mwizi ndani haina maana kama funguo ameondoka nazo. Chukua kifaa kingine kilicho safi, ubadilishe maneno ya siri ukianzia barua pepe, maana hiyo ndiyo inayofungulia nyingine zote. Lakini kumbuka wale wanaobeba kuki: wao hawahitaji paswedi, wanaingia kama wewe. Kwa hiyo tafuta chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote, ulibonyeze. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Angalia pia namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako, na kama hakuna amri inayopeleka nakala za barua zako kwa mtu usiyemjua. Zima usawazishaji wa viendelezi hadi uhakikishe orodha ni safi. Mimi ningefanya hilo moja tu, nisingeandika Sura ya Nne mara mbili.

Je, kufomati ni makosa? Hapana. Kama kuna mtu alikuwa anaongoza kompyuta yako kwa mbali, au jasusi anarudi hata baada ya skani ya Offline, kusakinisha Windows upya ndiyo njia ya kuaminika. Tengeneza fleshi ya Windows ya GB 8 au zaidi kwa zana ya Microsoft yenyewe, kwenye kompyuta safi. Ukichagua kupakua moja kwa moja kupitia chaguo la kureseti, andaa bando, inaweza kula zaidi ya GB 4. Makosa ni kufomati kabla ya kunakili kazi, na kabla ya kujua jasusi alikaa wapi.

Ripoti yangu niliikabidhi, kwa nyongeza ya siku tano nilizopewa na msimamizi, nikiwa nimeingiza upya dodoso zote 84. Sasa nina fleshi mbili na nakala ya Drive. Wewe ukimaliza kusoma ukurasa huu, kabla ya kwenda kula, fungua kivinjari chako uangalie orodha ya viendelezi. Halafu nakili utafiti wako mahali pawili.